Ukuta Uliojengwa na Koti

Siku ya kuchagua mwenyekiti pale Kola, Reuben Kilonzo alipata karibu watu wote, akapata na mitungi.

Habari ya mitungi inahitaji maelezo kidogo kwa mtu ambaye hajawahi kuishi mbali na maji. Kwenye shimo la mchangani maji hutoka polepole, kikombe kwa kikombe, na hakuna mama mwenye nafasi ya kukaa pale tangu alfajiri akilitazama shimo. Kwa hivyo unaleta mtungi wako wa plastiki, unauweka kwenye foleni nyuma ya mitungi ya wenzako, unaenda zako kulima. Mtungi ukiwa kwenye foleni, wewe uko kwenye foleni. Hauguswi wala haurukwi, na anayeusogeza atasikia habari zake mpaka sokoni. Watu wa Kola walikuwa wamegombana kuhusu mipaka, mbuzi, mahari na kwaya. Kuhusu heshima ya mtungi hawakuwa wamegombana hata siku moja.

Basi kundi la kujenga ukuta wa mtoni lilipoitwa kupiga kura, mwaka ule wa 1997, kina mama waliokuwa na wagonjwa au mashamba ya mbali walituma mitungi. Kura ilikuwa ya mlolongo: anayemtaka Wavinya asimame nyuma ya Wavinya, anayemtaka Reuben asimame nyuma ya Reuben. Mitungi ikapangwa nyuma ya Reuben, ya njano na ya bluu, mmoja hauna hata kifuniko, na naibu wa chifu akaihesabu bila kupepesa macho.

Nyuma ya Wavinya alisimama mtu mmoja. Loise, mke wa Reuben.

“Wewe, Loise!” Muthoka akampigia kelele kutoka ule mlolongo mrefu. Muthoka alikuwa mchinjaji, na alizoea kusema kana kwamba kila mtu yuko ng’ambo ya bonde. “Umepotea! Bwana yako yuko huku!”

“Najua aliko,” Loise akajibu. “Nimeishi naye.”

Wavinya aliutazama mlolongo wa Reuben toka mwanzo mpaka mwisho. Katikati, akiwa ameshika mgongo kwa mkono mmoja, alikuwepo Syokau, mama mkwe wake, ambaye asubuhi ile ile alikuwa amekunywa chai jikoni kwake na kumtakia heri.

“Mwaitu,” akamwita, yaani mama kwa Kikamba, “hata wewe?”

“Mama Ndinda, mimi nakupenda sana,” Syokau akasema, bila haya yoyote. “Lakini angalia hiyo shingo ya Reuben. Angalia hilo tumbo. Mwenyekiti lazima aonekane akisimama. Wewe ukisimama, ni kama bado umekaa.”

Watu wakacheka, na naibu wa chifu akatangaza matokeo.

*

Wavinya alikuwa mwalimu wa chekechea. Alikuwa mfupi, mwembamba, na sauti yake ilikuwa nyembamba kumshinda. Kwa miaka miwili ndiye aliyekuwa amewakusanya watu wa pande zote mbili za mto, akawatafutia fundi, akawaonyesha pa kuokota mawe, akaenda Machakos mjini kuomba saruji. Ukuta wenyewe ulikuwa jambo rahisi kueleza: unajenga mawe na saruji kukatiza mto mkavu, mvua inakuja na mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanakaa ndani ya mchanga ule mpaka msimu mwingine. Unachimba kidogo tu, unateka.

Hakukitaka kile cheo kwa ajili ya kuketi mbele. Binti yake Ndinda alikuwa darasa la saba. Kila asubuhi Ndinda alienda shimoni kwanza, ndipo aende shule, na alipofika wenzake walikuwa wameshafuta ubao wa hesabu. Mwaka uliofuata ungekuwa wa mtihani wa darasa la nane. Ukuta ukikamilika kabla ya mvua za Novemba, Ndinda angefanya mtihani huo akiwa amesoma kama watoto wengine. Usipokamilika, mto ungebomoa kila kitu, na Wavinya angekuwa na mwaka mwingine wa kumtazama mtoto wake akiondoka gizani na mtungi mgongoni, kamba ikimkata paji la uso.

Ila ukuta haukamiliki kwa kuutamani. Fundi alikuwa amesema waziwazi kwamba ukingo wa kushoto lazima uchimbwe mpaka mwamba, la sivyo maji yatazunguka pembeni na kuuacha ukuta umesimama peke yake kama mgeni asiyejua njia. Kuchimba mpaka mwamba ni kazi ya kuvunja mgongo. Na Wavinya kila aliposema “tuchimbe,” watu walimtazama kwa upole ule wa kumtazamia mtoto anayesema amemwona simba, kisha wakarudi kwenye mazungumzo yao.

Reuben naye alikuwa amestaafu kutoka Nairobi mwaka ule ule. Alikuwa mrefu, mwenye mvi za kutosha na tumbo la kutosha, na alivaa koti la sufu nyeusi lililofika magotini, lenye vifungo vya shaba safu mbili. Kola kuna jua la kukaangia yai. Reuben alilivaa tu. Alikuwa amefanya kazi kwenye hoteli kubwa ambako, kwa maneno yake mwenyewe, hakuna waziri aliyeingia bila kupitia kwake. Watu walisikia hivyo na hawakuuliza zaidi.

Mkutano wa kwanza walimletea kiti cha mchungaji kutoka kanisani, chenye mikono ya mbao, wakakiweka juu ya mchanga katikati ya mto. Wengine wakaketi juu ya mawe.

“Mheshimiwa Mwenyekiti,” Wavinya akasema, maana sasa yeye alikuwa katibu, “je, ukingo wa kushoto tuchimbe mpaka mwamba, au vipi?”

Reuben akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha sufu na vumbi, kizito, kirefu, kilichoanzia chini kabisa ya vile vifungo.

Watu wakatega masikio.

“Mmesikia,” Muthoka akasema. “Amesema tupumzike kwanza.”

“Hakusema kitu!” Wavinya akapaza sauti, na sauti ikapanda ikawa kama filimbi. “Amekohoa tu!”

“Mwalimu, usipige kelele mbele ya mwenyekiti,” mama mmoja akamwonya. “Kwani uko na haraka ya nini?”

Wakapumzika wiki mbili.

*

Siku moja, watoto wa chekechea wakiwa wamekwenda nyumbani, Reuben alikuja darasani kwa Wavinya. Akajikunja akaketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kidevuni, koti likatandaa sakafuni.

“Mwalimu, nisaidie. Mimi sijui hata ukuta unaanzia wapi.”

“Si uwaambie?”

“Niliwaambia! Siku ile ile ya kura nilisema, jamani, mimi sijui kitu. Ulisikia walivyofanya?”

Wavinya alikumbuka. Walipiga makofi, na Muthoka akasema, sikieni unyenyekevu wa kiongozi.

“Huko Nairobi ulikuwa unafanya nini hasa, mzee?”

Reuben akatazama mlango. “Nilikuwa nafungua mlango.”

“Mlango gani?”

“Wa hoteli. Mgeni anakuja, nafungua. Anatoka, nafungua. Koti ni la kazi. Nilipostaafu wakaniambia nibaki nalo, maana hakuna mwingine lingemtosha.” Akajifuta jasho kwa mkono wa koti. “Ndani ya hili koti mimi naiva, mwalimu. Kama kiazi.”

“Basi livue.”

“Nikilivua hawanisalimii. Nilijaribu Jumanne. Muthoka aliniuliza kama natafuta kazi ya kibarua.”

Wavinya hakujua acheke au amrushie chaki. Alimpa maji ya kunywa, akamwambia kwamba mvua zinakuja, na mwenyekiti akifungua mdomo hata mara moja tu aseme neno “mwamba,” hatamdai kitu kingine maishani.

“Nitajaribu,” Reuben akasema.

Hakujaribu. Kwenye mkutano uliofuata jua lilikuwa kali kuliko siku zote. Reuben akainuka, akavua koti, akalitundika kwenye mgongo wa kiti, akasema anaenda msalani mara moja. Walimwona akipita kichaka cha kwanza. Akapita na cha pili. Akafika barabarani akiwa na shati jeupe, akasimamisha gari, akaenda Ndithini kwa ndugu yake, na huko alikaa.

Watu wakangoja. Kivuli cha kiti kikahama. Wavinya akafunga daftari lake.

“Mwenyekiti hayuko. Tuahirishe,” akasema.

“Hayuko vipi?” Muthoka akauliza. Akanyoosha kidole. “Koti liko. Kwa hivyo yuko.”

Wavinya akatazama nyuso za watu wale, akitafuta hata mmoja anayetabasamu. Walikuwa wanatikisa vichwa kukubali. Na kwa nini wasikubali? Maisha yao yote kitu cha mtu kikikaa mahali pa mtu, mtu yuko. Kama mtungi usio na kifuniko unaweza kushika zamu na kupiga kura, koti la sufu lenye vifungo vya shaba lingeshindwa na nini?

Hasira zikampanda mpaka masikioni. Fundi alikuwa amekaa juu ya jiwe, ameweka mwiko begani, anangoja kuambiwa aende nyumbani. Mbali, juu ya vilima, kulikuwa na wingu moja dogo. Wavinya akaamua kuwaaibisha. Akaenda mpaka kwenye kiti, akainama, akaweka sikio kwenye ukosi wa koti, akatikisa kichwa mara kadhaa kama anayesikiliza. Kisha akageuka.

“Mwenyekiti anasema tuchimbe ukingo wa kushoto mpaka mwamba. Leo.”

Akangoja wacheke, ndipo awaambie anavyowaona.

Muthoka akavua shati, akachukua jembe.

*

Kuanzia siku hiyo kazi ilikwenda kama haijawahi kwenda. Kila asubuhi Loise alileta koti likiwa limekunjwa kichwani, akalitundika, akalinyoosha mabega, akamkonyeza Wavinya na kwenda kubeba mawe. Kina mama walipita wakilipangusa vumbi. Mtu akaanza kuliwekea kikombe cha chai saa nne, na kikombe kikawa kinakutwa kitupu, jambo ambalo liliwafurahisha wote, na Muthoka, aliyekuwa akifanya kazi karibu na kiti, zaidi ya wote.

Mara moja Wavinya alisahau.

“Mimi naonelea kesho tuanze saa moja,” akasema kwa kinywa chake mwenyewe.

Ukazuka mjadala. Mmoja alikuwa na ng’ombe wa kukamua, mwingine alitaka kujua nani alimpa mwalimu ruhusa ya kupanga asubuhi za watu, mzee mmoja akaeleza historia ya saa. Wavinya akawaacha wakachoka, akaenda kwenye ukosi, akasikiliza.

“Mwenyekiti anasema saa kumi na mbili.”

“Sawa,” wakasema wote.

“Unajua,” Syokau akamwambia njiani jioni, “huyu Reuben, tangu aache kukohoa, amekuwa na akili sana.”

“Mwaitu, Reuben yuko Ndithini.”

“Najua yuko Ndithini. Nasema vile anaongoza.”

Palibaki kipande cha mwisho, na saruji ilikuwa imeisha. Wavinya alikuwa ameshakwenda ofisini Machakos mjini kwa Bwana Laban, aliyegawa saruji ya wafadhili, akamweleza kila kitu kuhusu ukuta, urefu wake na kina chake. Bwana Laban alimsikiliza akitazama mlango nyuma yake.

“Mwenyekiti wenu ni nani?” akauliza mwishoni. “Mwambie nitakuja nimwone yeye.”

Akaja kweli, na gari la kazi na viatu vilivyong’aa. Akashuka mtoni, akampita Wavinya aliyekuwa na buti za mpira na udongo mpaka kiunoni, akaenda moja kwa moja kwenye kiti. Akasimama mbele ya koti.

“Mwenyekiti yuko wapi?”

“Si huyo hapo,” Muthoka akasema.

Bwana Laban alitazama koti. Alivitazama vifungo. Ilikuwa zamu yake sasa kuamua kama koti ni mtu, na Wavinya akajiandaa kwa aibu kubwa kuliko zote, maana huyu alikuwa mtu wa ofisini.

“Aa,” Bwana Laban akasema taratibu. “Ametoka kidogo.”

“Ndiyo,” Wavinya akasema.

“Ni mtu wa shughuli nyingi.”

“Sana.”

Bwana Laban akangoja. Wavinya akamletea chai, na alipokuwa akimimina, mgeni akamuuliza, “Wewe ndiye mama wa nyumbani kwa mwenyekiti?”

“Mimi ni katibu. Nilikuja ofisini kwako.”

“Ulikuja?” Akanywa. Akaelekeza kidole kwenye koti. “Unajua nimeona wenyeviti wengi wilaya hii. Ukifika tu, wanakukimbilia, wanalia saruji, saruji. Huyu ametulia. Mtu anayejua kazi yake haombi.” Akainuka, akakung’uta mchanga kwenye suruali, na kabla hajaondoka akalipa koti heshima kidogo ya kuinamisha kichwa. “Mwambieni saruji atapata Ijumaa.”

Saruji ikaja Ijumaa. Redio nayo ilikuwa inasema kila jioni kwamba mvua za mwaka huo hazitakuwa za kawaida.

*

Mto ulikuja mchana, kukiwa na jua.

Mvua ilikuwa imenyesha huko juu. Pale Kola hapakuwa na tone. Ukuta ulikuwa umefungwa wote isipokuwa kipande kimoja upande wa kushoto, upana wa mlango, ambapo mawe yalikuwa yamepangwa makavu yakingoja saruji ya jioni. Ndinda, aliyekuwa ametumwa kuleta uji, ndiye aliyesikia kwanza.

“Mama, kuna lori.”

Hakukuwa na lori. Kila mtu akakimbia kupanda kingo. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yakaja yakisukuma matawi na povu, yakagonga ukuta, yakapanda, na pale kwenye mawe makavu yakaanza kupenya. Jiwe moja likacheza. Likaondoka.

“Magunia!” Wavinya akapiga kelele. Walikuwa na magunia ya mchanga yaliyojazwa, yamepangwa pale pale ukingoni. “Leteni magunia!”

Wakamtazama. Wakatazama mto. Kiti cha mchungaji kilikuwa kimesahaulika katikati ya mto, upande wa juu wa ukuta, maji yakikizunguka miguu, na koti limekaa juu yake limenyooka, halina wasiwasi wowote.

“Tumuulize mwenyekiti!” mtu akasema.

“Mwenyekiti anasema magunia!” Wavinya akalia.

“Uongo!” Muthoka akamjibu. “Uko huku, yeye yuko kule. Umemsikiaje?”

Wavinya alishika gunia la kwanza kwa pembe mbili, akaliburuta, akaingia nalo majini. Maji yakamfika kifuani. Akalisukuma mwanya ulipokuwa, akarudi kuchukua la pili, akateleza, akameza mto, akaamka, akalisukuma na hilo. Loise akaingia nyuma yake na la tatu. Wawili hao hawangeweza kuuzuia mto. Walijua hivyo, na kila mmoja alikuwa anamtukana mumewe kimoyomoyo, mmoja kwa kuwa Ndithini na mwingine kwa kuwa kazini kiwandani Mavoko.

Kisha kiti kikainuka.

Kilizunguka mara moja, kikapinduka, na koti likajiachilia. Likatandaa juu ya maji likiwa limenyoosha mikono yote miwili, vifungo vikimeta juani, likaja na mkondo moja kwa moja, bila kukata kona, mpaka kwenye mwanya. Mto ukalivuta. Likajikunja, likajisokota, likaingia kati ya mawe na yale magunia na kukwama hapo, mkono mmoja ukabaki nje ukipunga.

Ukingo mzima ukapiga ukelele.

“Ameenda mwenyewe!”

“Amejitoa!”

“Mwenyekiti yuko ndani! Mwacheni peke yake kama mna roho za mawe!” Na Muthoka akaruka na gunia begani, na nyuma yake wote, wanaume kwa wanawake, hata mzee wa historia ya saa, wakipitishiana magunia mkono kwa mkono kumsaidia mwenyekiti. Mwanya ukazibwa. Maji yakapanda mpaka juu ya ukuta, yakamwagika upande wa pili kwa ustaarabu, na ukuta ukakaa.

Wavinya alikuwa ameketi kwenye matope, anatetemeka, anatema mchanga. Hakuna aliyemtazama. Syokau peke yake alikuja akamfunika na leso.

“Nilikuona,” akasema kwa sauti ya chini. “Ulikuwa ndani ya maji kabla ya koti.”

“Basi waambie, mwaitu.”

“Nani ataniamini?” Syokau akasema. “Na mimi pia ni mfupi.”

*

Mto ulipotulia, mchanga ulikuwa umejaa nyuma ya ukuta. Ndinda alichimba kwa mikono, akateka, akaweka mtungi nyumbani, akafika shule kengele haijapigwa. Siku ya kwanza mwalimu wake wa darasa alimuuliza kama ni mgonjwa.

Kundi likaitwa kwa mkutano wa shukrani. Koti lilikuwa limetolewa mwanyani, likafuliwa, likaanikwa. Lilipasuka mgongo na kupoteza mkono mmoja, lakini vifungo vilikuwepo karibu vyote. Walilitundika kwenye kiti, ambacho nacho kilipatikana mbali upande wa chini wa mto kikiwa na miguu mitatu, na kikasimamishwa kwa jiwe. Muthoka alipendekeza liwe mwenyekiti wa maisha.

Hapo akasimama mtu mrefu aliyevaa shati, nyuma kabisa.

“Jamani,” akasema Reuben, aliyekuwa amerudi kutoka Ndithini usiku uliotangulia, “mimi ndiye Reuben. Sikufanya chochote. Nilikuwa Ndithini nakula maembe. Koti ni koti tu, la kufungulia milango. Ukuta huu ni wa mwalimu Wavinya. Yeye ndiye alikuwa anasema yote.”

Watu wakageuka wakamwangalia. Bila koti alikuwa na mabega yaliyoteremka kama chupa.

“Na wewe ni nani wa kumsemea mwenyekiti?” Muthoka akamuuliza. “Wakati mwenzako anajitosa kwenye mto, wewe ulikuwa Ndithini. Umekiri mwenyewe. Kaa chini, mzee.”

Reuben akakaa chini. Loise akampa karanga.

Wavinya akasimama. Toka siku ya mto alikuwa na mafua mabaya. Kifua kilikuwa kimeziba, macho mekundu, na sauti ilikuwa imemkauka kabisa kwa siku kadhaa. Hakuwa na nguvu za kubishana na mtu. Alitembea mpaka kwenye kiti, akainama kwenye ukosi kama alivyozoea, akasikiliza kwa muda mrefu. Alikuwa akifikiria kamba ya mtungi, alama iliyokuwa kwenye paji la uso la Ndinda, na ya Loise, na ya Syokau ambayo sasa ilikuwa kama mtaro.

“Mwenyekiti anasema,” akaanza, na sauti iliyotoka ilimshtua mwenyewe. Ilikuwa nene, nzito, ya kutoka pangoni. “Mwenyekiti anasema akatwe.”

“Akatwe?” Muthoka akanong’ona.

“Vipande. Kila mama apate kimoja, akiweke chini ya kamba ya mtungi, paji la uso lipone. Vifungo apewe Muthoka, kwa kazi ya chai.”

Hakuna aliyepinga. Wengine walilia. Loise akatoa mkasi mfukoni, maana Wavinya alikuwa amemwomba aje nao, na mwenyekiti akagawanywa pale pale, sufu nzuri, laini, ya kudumu. Syokau akapata ukosi. Akaujaribu kwenye paji la uso, akasema kwa mara ya kwanza anaona faida ya uongozi.

“Na kiti, je?” mtu akauliza.

Kiti kilikuwa kitupu. Miguu ya Wavinya ilikuwa inauma, homa inampanda, na jiwe lake alilolizoea lilikuwa limekwenda na maji. Akaketi. Miguu yake haikufika chini. Akafungua mdomo kueleza kwamba anapumzika tu, na badala ya maneno akakohoa, kikohozi kirefu cha kutoka chini kabisa.

Watu wakatega masikio. Muthoka akavua kofia.

Wavinya akawatazama. Mafua kama yale, kwa uzoefu wake wa watoto wa chekechea, yangedumu siku tatu, nne zaidi. Akafungua daftari, akaanza kuwapangia kazi za mwaka mzima, haraka haraka, kabla sauti haijapona.